Gonga Chesisi Kabla Hujawasha Mashine ya Kuchomelea

Ndugu zangu, wazee wangu, na nyinyi vijana mliokaa chini kwa kukosa viti, asalaam aleikum na karibuni sana. Gari hili nyuma yangu ni Land Rover Series III, na mwenyewe ameniruhusu tulifungue mbele yenu, tuone namna ya kutafuta na kuziba kutu ya chesisi.

Shikeni kwanza bamba la nje la mlango huu. Halina kutu, wala halitaota. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948, wakati Uingereza ina uhaba wa chuma baada ya vita, ndiyo maana sehemu kubwa ya bodi ikatengenezwa kwa alumini. Hapo ndipo wenye magari haya wengi tunapojidanganya. Inama uchungulie chini: chesisi ni chuma, mabamba manne yaliyochomelewa yakawa boksi refu lenye uwazi ndani, na hilo boksi ndilo linalobeba kila kitu.

Sasa sisi Tanga tunaishi na bahari. Chumvi huanza kunywa maji ya hewani unyevu ukifika kama asilimia 75, na asubuhi nyingi hapa kwetu unyevu unapita hapo. Tope lenye chumvi likishaingia ndani ya boksi, linabaki bichi hata mvua ikikatika. Kwa hiyo kutu inakula kutoka ndani kuja nje. Unaloona nje ni doa dogo; ndani pameshaliwa pakubwa zaidi.

Ndiyo maana nasema nyundo itangulie. Gonga polepole ukisikiliza. Chuma kizima kinalia, tii! Kilichooza kinajibu kwa sauti nzito, kama unagonga gogo bichi. Hapo chukua bisibisi ukandamize. Ikizama, weka alama ya chaki. Usiache chuma kilichokingama nyuma kabisa, kwa sababu tairi zinakirushia tope kila siku, wala ile mikono ya pembeni inayoshika bodi.

Niwaambie kosa langu. Nilipokuwa kijana nilibandika bamba jipya juu ya kutu, nikachomelea pande zote, nikapiga puti na rangi nyeusi. Lilipendeza. Masika ya pili mwenye gari akarudi. Bamba langu lilikuwa zima, ila chuma nilichokichomelea kilikuwa kimegeuka magamba, na springi ya nyuma imeanza kupanda juu. Mtu yule alikuwa anabeba watoto. Mpaka leo nikikumbuka naumia.

Tangu siku ile nakata. Nakata mpaka nione chuma cheupe chenye unene wake kamili, hata kama tundu la kidole litakuwa dirisha. Lakini kabla ya kukata, kaza gari kwenye stendi imara, si jeki peke yake, na uchomelee vyuma vya muda kushikilia pande mbili zisihame. Pima kwa futi kutoka tundu la bolti hadi tundu la upande wa pili, kimshazari, uandike. Ukikata bila kupima, chesisi ikipinda milimita chache tu, milango haitafunga tena.

Betri ifunguliwe. Tangi la petroli lishushwe kabisa, lipelekwe mbali. Liko chini ya kiti, pembeni mwa chesisi, na tangi tupu lina mvuke unaolipuka.

Bamba la kuzibia liwe na unene wa chesisi yenyewe, kama milimita 2, na pembe zake uzizungushe, kwa sababu kona kali ndipo ufa unapoanzia. Na tafadhali, msitumie mabati ya paa. Ni membamba, na zinki yake ikiungua inatoa moshi mweupe unaompa fundi homa na kutetemeka usiku huohuo.

Choma nukta nukta: moja huku, nyingine upande wa pili, uache ipoe. Ukivuta mstari mmoja mrefu, joto litapinda bamba.

Kazi ya mwisho ndiyo inayosahauliwa zaidi. Zibua matundu ya chini ya kutolea maji, kisha nyunyiza nta au oili ndani ya boksi kwa mpira mrefu. Rangi ya nje haifiki huko, na kutu ilianzia huko.

Basi, sogeeni wanne wanne. Nyundo ni hii. Anzeni na upande wa kushoto, halafu mniambie chaki tuiweke wapi.