Kwanza ruhusa ya mamako: masharti ya jihadi (mhadhara baada ya Maghribi, Majengo)

Sikizeni nduzangu, fadhila za jihadi mwazijua tangu madrasa, sizirudii. Mimi nataka masharti, kwa sababu kijana yuwatumiwa klipu kwa WhatsApp, nusu aya, nasheed (nyimbo za dini) na bunduki, na masharti hakuna anayemtumia.

Sharti nitakaloanza nalo, na mwanijua kwa hili, nishalisema misikiti mingi, ni wazazi. Alikuja mtu kwa Mtume (s.a.w.) kuomba ruhusa ya kwenda jihadi. Hakuulizwa wajua upanga wala una farasi. Aliulizwa, wazazi wako wahai? Akasema ndio. Akaambiwa basi kwa hao ndio ukafanye jihadi. Iko Bukhari na Muslim, si maneno yangu. Na mwengine alikuja kutoa baia, yaani kiapo cha utiifu, ya hijra, akasema nimewaacha wazazi wangu walia, akaambiwa rudi ukawachekeshe kama ulivyowaliza. Sasa tizameni, kiongozi hapo ni Mtume mwenyewe, vita havina shaka, na bado mtu yuwarudishwa kwa mamake. Wewe aliyekuita ni nani? Mtu hata jina lake la kweli hulijui!

Kuna mama si mbali na hapa, huuza viazi vya karai jioni. Mwanawe alimwambia naenda Malindi nimepata kibarua. Mpaka leo mama huitilia ile laini kredo ya shilingi kumi, ishirini, isije ikafungwa, huipigia, haipatikani, huiweka simu kando akageuza viazi vyake. Niambieni, hiyo jihadi gani inayoanza kwa kumdanganya mamako?

Atasema mtu, sheikh, vita vikiwa faradhi ya kila mtu ruhusa ya mzazi haiko. Kweli, adui akiwaingilia mjini kwenu fiqhi yasema hivyo. Lakini wa kuamua ni nani? Ni mtawala wa Waislamu na wanazuoni, si kijana wa maskani na simu yake. Mtume alikaa Makka miaka 13 watu wateswa, Sumayya, mmoja wa Waislamu wa mwanzo, akauawa, na hakuna aliyeruhusiwa kuinua upanga mpaka ikashuka ruhusa, sura ya Hajj aya ya 39. Na huko huko Makka Mungu ashamwambia, Furqan aya ya 52, apambane nao kwa hii Qur'ani jihadi kubwa. Wala sitatumia ile hadithi isemayo vita ni jihadi ndogo na kupambana na nafsi ndiyo kubwa, najua mwaingoja, wanazuoni wamesema ni dhaifu na sina haja nayo, aya yanitosha.

Haya, wakati wanikimbia. Baqara 190 yasema piganeni na wanaowapiga wala msivuke mipaka. Mipaka yenyewe, Mtume aliona mwanamke ameuawa vitani akakataza kuua wanawake na watoto. Abu Bakr, khalifa wa kwanza, alipotuma jeshi Sham, upande wa Syria, aliwausia msiue mtoto, mwanamke wala mzee, msikate mti wa matunda, msichinje kondoo wala ngamia ila wa kula. Ikiwa kondoo ana haki yake, wale wanafunzi wa chuo kikuu cha Garissa walioshambuliwa na Al-Shabaab, 2 Aprili 2015, watu 148 wameuawa alfajiri wengine wametolewa mabwenini, ni kwa sharti lipi? Halafu mwaka huo huo Disemba, basi la Mandera likasimamishwa na hao hao, Waislamu wakaambiwa jitengeni na Wakristo, wakakataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi hapo, akafariki Januari 2016. Ukitaka mtu wa kuiga, muige huyo.

Deni pia, shahidi husamehewa kila kitu isipokuwa deni, na kwetu madhehebu ya Shafi mwenye deni lililofika muda haendi mpaka aliyemkopesha aridhie. Mateka na mikataba ya amani, Hudaibiya na mambo yake, hatukufika, Isha hiyo yaadhiniwa. Mwenye swali anifuate baada ya swala, na mzazi ambaye mwanawe ameanza kujifungia na simu usiku kucha asione haya, aje tuzungumze.