Barua niliyomwandikia mwenye nyumba

Ndugu watazamaji, swali lisilokoma ni hili: je, ni kweli kwamba huku Marekani mnunuzi wa nyumba humwandikia muuzaji barua ya kumbembeleza, na je, mimi niliandika? Ninajibu nikijua kwamba wapo watakaosema ninajitapa kwa nyumba, na wapo watakaosema ninailalamikia nchi iliyonipokea.

Niliandika. Tulikuwa tumekwisha kushindwa mara tatu kupata nyumba, na kila mara benki ilidai upya stakabadhi za mishahara na taarifa za akaunti, hata nikawa ninaziona ndotoni. Nyumba moja niliilipia ukaguzi, ikaniponyoka, na fedha hazikurudi. Dalali wetu akashauri tuandike barua na kuambatanisha picha ya familia. Wenyewe huziita barua za mapenzi.

Usiku ule niliandika jinsi watoto walivyoupenda ua wa nyuma. Kisha nikafuta habari za kanisa, nikafuta nchi nilikotoka, na picha nikaiondoa. Kufuta huko ndiko kulikonizindua. Sheria ya makazi ya mwaka 1968 inakataza mnunuzi abaguliwe kwa rangi, dini au asili yake, na tangu 1988 inakataza pia abaguliwe kwa kuwa na watoto. Nami nilikuwa ninamkabidhi muuzaji, kwa mkono wangu, mambo yale yale asiyopaswa kuyapima, huku nikichagua yatakayonifaa mimi. Anayenipa nyumba kwa sababu nimemkumbusha nduguze atamnyima mwingine kwa sababu hakumkumbusha mtu.

Jimbo la Oregon lilipitisha sheria mwaka 2021 ya kuwataka madalali wa wauzaji wazikatae barua hizo, lakini mwaka 2022 jaji wa shirikisho aliizuia kwa hoja ya uhuru wa kujieleza. Sibishani naye, yeye aliitazama haki ya anayeandika, mimi ninamfikiria yule ambaye barua yake, kwa jina tu lililo chini yake, haikusomwa hadi mwisho.

Hata hivyo niliituma, na tukashindwa. Nyumba tuliyoipata baadaye hatukuiandikia neno: tuliongeza bei na kumruhusu muuzaji akae majuma mawili zaidi kabla ya kuhama. Hayo ni yangu. Wewe ukiona lazima uandike, andika kuhusu nyumba na tarehe, na kwanza umuulize mwanasheria wa jimbo lako, si mimi.