Duka la pili limefunga

ATHUMANI: Tumo? Haya. Ile kompyuta yangu mliyozoea kuisikia inanguruma huku nyuma, imekata roho Jumatano nikiwa katikati ya kazi. Nikaenda Ngamiani kutafuta ya mezani, ya mtumba, na pale kuna maduka mawili yanatazamana...

MWANAISHA: Ya karibu na fundi baiskeli.

ATHUMANI: Hayohayo. Wa kwanza ana yenye chipu ya Intel, laki tano na nusu. Navuka barabara, wa pili ana yenye Ryzen, chipu ya wapinzani wao AMD, laki tano. Narudi kwa wa kwanza, sijafungua mdomo, keshabandua kikaratasi cha bei kaandika kingine kwa kalamu nyekundu, laki nne na themanini! Nikasema ngoja nijipange. Jumamosi naenda na hela, wa pili kafunga, ana msiba Pongwe, na yule wa kwanza ananiambia laki tano na nusu.

MWANAISHA: Kakuona huna pa kwenda. Na ndo yaleyale ya wenye viwanda, maana Intel walileta chipu ya Q6600 ya kora nne, yaani vichwa vinne vya kufanya kazi ndani ya chipu moja, mwanzoni mwa 2007 kwa dola 851, Julai mwaka huohuo wakaishusha mpaka 266. Alafu AMD akalegea, na mpaka 2017 ukinunua i7 yao ya kawaida ya mezani unapewa kora nne zilezile. Miaka kumi!

ATHUMANI: Kama vitumbua vya Barabara ya 8.

MWANAISHA: Umeanza.

ATHUMANI: Si walikuwa wawili? Mmoja kahamia kwa mwanawe Muheza, aliyebaki bei hajapandisha, ila kitumbua kimekuwa cha kumeza mara moja, kile kiini laini cha katikati hakipo, nazi huisikii kabisa.

MWANAISHA: Nazi imepanda jamani, mchele umepanda, usimwonee mama wa watu.

ATHUMANI: Mbona walipokuwa wawili sufuria alikuwa anafunua mwenyewe uonje?

MWANAISHA: Ndo maana mi nachukua kwa yule kijana mpya, hata vikiungua upande mmoja, asije akafa njaa tukabaki na mmoja tena. Na kompyuta hivyohivyo, nunua kwa mnyonge.

ATHUMANI: Hapo sikubali. AMD hakuokolewa na huruma. Machi 2017 kaleta Ryzen ya kora nane dola 499, wakati ya Intel ya kora nane imepita elfu moja, na mwaka haujaisha Intel nao wakatoa kora sita kwa bei karibu na ileile ya kora nne. Kitumbua kizuri kinajiuza.

MWANAISHA: Kinajiuza kikiwekwa mezani! 2009 Tume ya Ulaya iliwapiga Intel faini ya yuro bilioni 1.06 kwa punguzo walilowapa watengenezaji wa kompyuta ili wamkwepe mpinzani, na mwaka huohuo wakamlipa AMD dola bilioni 1.25 kumaliza kesi zao.

ATHUMANI: Faini hiyo mahakama iliifuta 2022.

MWANAISHA: Na 2023 wakapigwa nyingine ya milioni 376, kwa hela walizotoa ili mashine za AMD zicheleweshwe.

ATHUMANI: Haya, leo mnyonge nani? Intel 2024 kapata hasara ya dola bilioni 18 na ushee, 2025 Serikali ya Marekani ikachukua karibu asilimia 10 ya hisa. Kwa hiyo nikanunue Intel?

MWANAISHA: Ndiyo. Kanunue.

ATHUMANI: Kwa yule yule wa laki tano na nusu?

MWANAISHA: Sijasema duka, nimesema chipu!

ATHUMANI: Hela yangu naipeleka penye nafuu, Mwanaisha.

MWANAISHA: Na mwakani nafuu itatoka wapi?

ATHUMANI: ...Dakika zimeisha. Na tuliahidi mambo matatu ya kukagua kwenye mashine ya mtumba.

MWANAISHA: Hatujagusa hata moja.

ATHUMANI: Basi wiki ijayo. Wa pili anafungua Jumatatu, namsubiri.

MWANAISHA: Mpe pole ya msiba kwanza, ndo uulize bei.