Kazi huharibikia kwenye makabidhiano: mhadhara kuhusu kambi za likizo za vijana mwaloni

Walimu, wazazi, viongozi wa mitaa, na ninyi mliotoka mialoni, kule samaki wanakoshushwa, kuja kutusikiliza, mwangaluka.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuendesha kambi ya likizo ya Juni inayowafundisha vijana wa miaka 14 hadi 17 kufanya kazi, na kuifanya na wenzao. Nitashika kambi ya aina moja tu, ya kukausha na kuuza dagaa, kwa sababu ndiyo kambi ambayo mtu wa Mwanza anaweza kuianzisha bila kusubiri mfadhili.

Kambi nyingi za vijana zinajaa hotuba za kutia moyo na michezo ya kuvuta kamba. Kijana anarudi nyumbani amefurahi, lakini ukimpa mizani hajui kuisoma. Ukimuuliza ushirikiano ni nini, atakujibu "kupendana". Ninachowaomba leo mkiangalie ni kitu kidogo kuliko hicho: ile dakika ambayo kazi inatoka mkononi mwa mtu mmoja na kuingia mkononi mwa mwingine. Kazi ya kikundi huharibikia hapo, na kambi nzuri hupangwa kuanzia hapo.

Huku Usukumani tuna historia ndefu ya kulima kwa vikundi, na ngoma ya bugobogobo bado inatuonyesha ilivyokuwa: majembe yanapanda pamoja, yanashuka pamoja. Kila mmoja analiona jembe la mwenzake, na anayelegea anajulikana palepale. Kazi ambazo vijana hawa wanakwenda kuzifanya haziko hivyo. Kwenye karakana, ghala au jikoni kwa hoteli, wa pili anaanzia pale alipoishia wa kwanza, na mara nyingi wa kwanza ameshaondoka. Ushirikiano wa namna hiyo haupatikani kwa kuimba pamoja. Unahitaji vipimo, maandishi na ujasiri wa kukataa kazi mbovu.

Dagaa wanafaa kwa somo hili kwa kuwa mnyororo wao ni mfupi. Asubuhi wanapokelewa wabichi, jioni wamekauka, kesho yake wanafungashwa. Na kosa la mtu halifichiki muda mrefu.

Kabla ya kutangaza tarehe, tazameni mwezi. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, na taa inawavuta vizuri kukiwa na giza. Siku za mbalamwezi, kabla na baada ya mwezi mpevu, mitumbwi mingi haitoki. Kambi ya siku kumi ikiangukia hapo, vijana watakaa wakipiga miayo kwenye chanja tupu za kuanikia. Wekeni katikati ya kambi usiku wa mwezi mwandamo. Juni inafaa pia kwa sababu ni kiangazi. Likizo ya Desemba ina mvua, na dagaa wakinyeshewa wakiwa nusu wakavu huoza haraka kuliko mnavyodhania.

Halafu sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Kuanzia hapo ni kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya wala kuingilia masomo, na aliye chini ya miaka 18 hatakiwi kuwa baharia chomboni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi ya usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Kwa hiyo hakuna kijana wa kambi anayepanda mtumbwi kwenda kuvua, hata baba yake awe ndiye mwenye mtumbwi. Wao wanaanzia nchi kavu, saa 12 na nusu asubuhi, dagaa wanaposhushwa. Na hawaingii majini kupokea ndoo. Maji ya ufukweni, hasa penye majani na konokono, yana vimelea vya kichocho, navyo hupenya kwenye ngozi bila kuuma. Ndoo ziletwe ufukweni na wavuvi wenyewe, vijana wavae mabuti ya mpira, na maji ya kuoshea yawe ya bomba. Idhini ya mzazi iwe ya maandishi. Wasichana wawe na msimamizi mwanamke, na choo chao.

Sasa kazi yenyewe. Kwa kuanzia chukueni vijana 16 na kilo 40 za dagaa wabichi kwa siku, msizidishe. Kuna vituo vinne, wanne wanne: mizani, kuosha, chanja, na kufungasha. Kila kundi linakaa kituo kimoja siku mbili ndipo linahama. Wengi hupenda kuwahamisha kila siku ili waonje yote, na hilo ni kosa. Siku ya kwanza kijana anajifunza kwa kukosea, ya pili anasahihisha. Ukimhamisha kabla ya siku ya pili, amejifunza kukosea tu. Vituo vinne mara siku mbili ni siku nane; siku ya kwanza ya kambi ni ya kujenga chanja, ya mwisho ni ya mauzo na hesabu.

Chanja ziwe tatu, kila moja urefu mita 5, upana mita 1.2, kimo mita 1 kutoka ardhini. Upana huo una sababu: kijana akisimama upande wowote mkono wake ufike katikati, sentimita 60, bila kuegemea wavu. Juu panatandikwa wavu wa matundu madogo. Vipande vya nyavu za dagaa vilivyochakaa vinatosha. Kosa la kawaida ni kupigilia wavu kwenye ncha tu. Unalegea katikati, dagaa wanajikusanya bondeni, na jioni wa pembeni ni wakavu huku wa katikati bado wana maji. Pitisheni fito chini ya wavu kila nusu mita.

Kituo cha mizani kinapima na kuandika kilo kabla ya kitu kingine chochote. Waoshaji wanasuuza mara mbili, kisha wanaloweka dakika 10 kwenye maji ya chumvi, gramu 600 kwa lita 20. Halafu wanachuja kwenye matenga mpaka matone yakatike. Hapo ndipo vijana wana haraka, na haraka hiyo inalipwa mchana: dagaa walioanikwa wakichuruzika hushikana, na ukiwatenganisha vichwa vinakatika. Saa 3 asubuhi wote wawe wametandazwa, safu moja, bila kupandana. Wasigeuzwe kabla ya upande wa juu kukauka, kama saa 6 mchana hivi. Mmoja akae na fimbo kwa ajili ya kunguru na yangeyange.

Yote hayo ni ya kuelekeza asubuhi moja. Somo linaanza jioni, kituo cha chanja kinapowakabidhi wafungashaji.

Mwanzoni mtalisikia neno "tayari". Tayari, zimekauka, chukueni. Neno hilo lipigeni marufuku kambini, kwa sababu halina kipimo ndani yake. Anayekabidhi achukue dagaa watatu kutoka katikati ya chanja, siyo pembeni, awakunje mbele ya anayepokea. Mkavu anakatika kwa mlio mdogo, ka! Anayepinda bila kukatika bado. Hata aliyekatika, mbonyeze tumboni kwa kucha. Kucha ikitoka na unyevu, bado. Watatu wote wakipita ndipo kikaratasi kinaandikwa, robo ukurasa wa daftari: namba ya mzigo, kilo, saa, tatizo lililoonekana, jina la aliyetoa, jina la aliyepokea. Pasipo na tatizo aandike "hakuna" kwa mkono wake. Nafasi tupu isiachwe, kwa kuwa nafasi tupu haimfungi mtu.

Na anayepokea ana haki ya kukataa. Hapa pana ugumu kuliko kwenye chumvi na chanja. Binti wa miaka 14 kumrudishia kazi kijana wa miaka 17, kwa malezi yetu, ni jambo zito, na heshima hiyo sitaki ivunjwe. Wafundisheni maneno ya kulisema bila kuvunjiana heshima, na wayafanyie mazoezi kwa sauti: "Kaka, hawa wa katikati bado wanapinda, naomba wakae saa moja zaidi." Anayerudishiwa ana jibu moja: "Haya, nimepokea." Maelezo ya kujitetea yangoje kikao cha jioni. Msimamizi aliyesimama hapo afunge mdomo. Akiamua yeye, vijana wote wanageuka kumtazama yeye badala ya kutazama dagaa, na kuanzia siku hiyo hakuna atakayethubutu kukataa kitu.

Kuna kosa moja msilizuie mapema mno, mradi liwe kwenye mfuko mmoja tu. Dagaa waliotoka juani wakifungwa wakiwa bado na joto hutoa jasho ndani ya nailoni, na baada ya siku chache wanaota ukungu. Inatakiwa wapoe kivulini, usiku mzima ikiwezekana, ndiyo maana wafungashaji hufunga asubuhi mzigo wa jana. Mfuko wa kosa ukifunguliwa siku ya nane, hakuna haja ya hotuba. Namba iko juu ya mfuko, kikaratasi kina majina, vijana wenyewe wanafuata nyayo kinyumenyume mpaka saa na mkono. Mfuko huo utupwe; usiuzwe, wala usipewe kuku. Kikao kiulize "kipimo gani kilirukwa?", kwa sababu swali la "nani alaumiwe?" linawafundisha kuficha.

Hesabu nayo ina mtego wake. Tuseme dagaa, chumvi, usafiri na mifuko vimegharimu shilingi 92,000 kwa kilo 40. Karibu kila kundi litagawanya kwa 40, lipate 2,300, lipange kuuza kilo moja kwa shilingi 4,000 na kushangilia faida. Lakini zaidi ya theluthi mbili ya uzito huo ni maji, yameshakwenda na upepo wa ziwa. Kilichobaki kwenye mizani ni kama kilo 11 na nusu. Gawanya tena: shilingi 8,000 kwa kilo, na hapo hujapata hata senti. Waacheni wakosee kwenye karatasi kabla ya siku ya mauzo. Pia semeni siku ya kwanza, mbele ya wazazi, fedha za mauzo zitagawanywaje. Likiachwa hilo mpaka mwisho, linaharibu kambi nzima kwa saa moja.

Kuhusu vyeti vyenye nembo na utepe, sina ubishi navyo, ila mwenye karakana havimsaidii. Mpeni kijana barua ya nusu ukurasa yenye kazi alizofanya na kiasi chake: amepima na kuandika mapokezi ya kilo 80 kwa siku mbili, ameanika, amegeuza na kukabidhi mizigo miwili, mmoja ulirudishwa akaurekebisha siku hiyohiyo, ametunza daftari la mauzo likalingana na fedha taslimu. Chini yake jina na namba ya simu ya msimamizi ambaye kweli atapokea akipigiwa Januari, na ambaye amehifadhi vikaratasi vyote kwenye bahasha, ili akiulizwa asome badala ya kukumbuka.