Video Zile Zile, Mkuki Mmoja

NEEMA: Haya Salim, ubishi wetu ni ule ule: mwanamichezo hufika juu kwa kipaji au kwa juhudi? Mimi nasema kipaji, wewe juhudi, na wiki iliyopita ulinipandishia sauti kuhusu Yego, yule mrusha mkuki wa Kenya.

SALIM: Na leo napandisha tena! Julius Yego alianza bila kocha wa mkuki. Alikuwa akitazama video za mabingwa wa mkuki, akina Jan Železný na Andreas Thorkildsen, kwenye intaneti, kisha anarudi uwanjani kujaribu alichokiona. Mwaka 2015, Beijing, akarusha mita 92.72 na kuwa bingwa wa dunia. Kipaji kimeingilia wapi hapo?

NEEMA: Hizo video hata mimi nimezitazama.

SALIM: Ukarusha ngapi?

NEEMA: Nilirusha rimoti. (Wanacheka) Lakini nauliza kweli. Zimetazamwa na watu chungu nzima. Mbona aliyefika 92 ni yeye?

SALIM: Wengine walitazama, yeye akafanya.

NEEMA: Na waliofanya wasifike? Sikia. Miaka ya 1990 kulikuwa na utafiti Marekani na Kanada, unaitwa HERITAGE. Kundi moja lilikuwa la watu 481 wa familia 98, wote hawana mazoea ya mazoezi. Wakapandishwa kwenye baiskeli zile zisizokwenda popote, mara tatu kwa wiki, wiki 20, mapigo ya moyo yakifuatiliwa. Hakuna kutegea.

SALIM: Wote wakaiva.

NEEMA: Thubutu! Kiwango cha juu cha oksijeni ambayo mwili unaweza kutumia kilipanda kwa wastani wa kama mililita 400 kwa dakika. Ila wapo ambao ni kama hawakusogea kabisa, na wapo waliopanda zaidi ya lita nzima. Tena ilikwenda kifamilia. Watafiti walikadiria kuwa urithi unaweza kuchangia hadi asilimia 47 ya tofauti hiyo.

SALIM: Ngoja kwanza. Yaani hata kufaidi jasho lako mwenyewe ni kujaliwa?

NEEMA: Ndiyo ninachokuambia tangu wiki iliyopita.

SALIM: Basi umenikumbusha. Niliwahi kufanya mazoezi na binamu yangu, ratiba moja, kilima kimoja. Mwezi wa pili yeye anapanda huku akinisimulia mechi ya jana. Mimi hata "mmh" ya kumwitikia haitoki. Kocha akaniambia sijitumi. Lile neno halijanitoka mpaka leo.

NEEMA: Hapo ndipo ninapokasirika! Anayebaki nyuma anaitwa mvivu, basi, kesi imefungwa.

SALIM: Sawa, lakini usinitoroke. Kipchoge. Mwaka 2003, Paris, ana miaka 18, anawashinda magwiji wa mbio, El Guerrouj wa Morocco na Bekele wa Ethiopia, mita 5,000. Hicho ni kipaji, nakupa. Mwaka 2012 akakosa hata nafasi kwenye timu ya Olimpiki. Akahamia marathoni, na 2018 pale Berlin akaweka rekodi ya dunia, saa 2:01:39. Miaka 15 hiyo ya katikati utaiita nini?

NEEMA: Kazi. Hapo sina ubishi. Ingawa mwili uliobeba kilomita zote hizo bila kuvunjika...

SALIM: Unarudi kule kule!

NEEMA: Sawa, nimenyamaza. Binamu yako bado anakimbia?

SALIM: Wapi! Aliacha mwaka ule ule. Alisema kukimbia kunamchosha akili.

NEEMA: Na wewe?

SALIM: Kesho saa kumi na moja alfajiri, kama kawaida. Kile kilima bado kinanikata pumzi.