Daraja la Kyaka na Hesabu za Vita ya Kagera

Mhadhara uliotolewa Dodoma mbele ya wanafunzi wa historia na wananchi

Wazee mliokaa mbele, shikamoni. Ndugu zangu wengine, habari za jioni.

Vita ya Kagera, vita yetu na Uganda ya Idi Amin, kwa kawaida husimuliwa kuanzia kwenye hotuba. Mwalimu Nyerere yuko Diamond Jubilee, Dar es Salaam, tarehe 2 Novemba 1978, anasema uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Ukianza maneno hayo popote nchi hii, atatokea mtu wa kukumalizia. Sababu na nia zimeshazungumzwa sana, naziacha. Nimekuja na lile la kwanza tu, uwezo. Jeshi letu wakati ule lilikuwa na watu wasiofika 40,000, sehemu kubwa ya nguvu zake ikitazama kusini kwenye harakati za ukombozi, na kesho yake, tarehe 3, daraja la Kyaka, la barabara kuu ya kwenda eneo lililovamiwa, likalipuliwa na Waganda. Uwezo ulikuwa wapi?

Tuanze na ramani. Mwenye karatasi na achore. Ziwa Viktoria liweke kulia. Kutoka ziwani piga mstari ulionyooka kwenda kushoto: hiyo ni nyuzi 1 kusini mwa ikweta, na ndiyo mpaka wetu na Uganda tangu Waingereza na Wajerumani walipoandikiana mkataba mwaka 1890 huko kwao Ulaya. Sasa chora mto Kagera. Unapanda kutoka kusini ukiwa mpaka wetu na Rwanda, unaukaribia ule mstari, unageukia mashariki, kisha unateremka tena kusini ndani ya nchi yetu mpaka Kyaka. Hapo unapinda, unapanda kaskazini, na unaingia ziwani ukiwa umeshavuka kwenda Uganda. Kipande kilichobaki juu ya mto na chini ya mstari ni kama kilomita za mraba 1,860. Kwa sheria ni Tanzania. Kwa maumbile kimekaa upande wa Uganda. Mtu wa Mutukula anakwenda Uganda kwa miguu yake, lakini akitaka kufika Bukoba, ambako ni kama kilomita 80, lazima mto auvuke.

Hilo ndilo Amin aliloshikilia. Tarehe 1 Novemba alitangaza kwamba kipande hicho sasa ni cha Uganda na mpaka ni mto. Nchi za Afrika zilikuwa zimeshakubaliana Cairo mwaka 1964 kwamba mipaka iliyoachwa na mkoloni ibaki ilivyo, hata kama ni ya ajabu. Makubaliano hayo yalivunjwa mara nyingi na majirani. Somalia iliingia Ogaden, ndani ya Ethiopia, mwaka 1977. Mali na Burkina Faso zilipigana Desemba 1985 kwa kipande cha ardhi kavu, na mwaka uliofuata mahakama ya kimataifa ikawagawia. Sisi hatukwenda mahakamani.

Kwa nini eneo lile lilikuwa karibu tupu, halina jeshi la maana? Jibu liko mwaka 1972. Septemba ile wafuasi wa Obote, rais wa Uganda aliyepinduliwa na Amin tarehe 25 Januari 1971, waliingia Uganda wakitokea kwetu, wakashindwa vibaya. Walipangiwa ndege ya kuwabeba mpaka Entebbe, ikaishia uwanja wa Kilimanjaro matairi yamepasuka. Amin akajibu kwa kupiga mabomu Bukoba na Mwanza. Siad Barre, rais wa Somalia, akasuluhisha, na tarehe 5 Oktoba yakatiwa saini makubaliano ya Mogadishu: kila nchi iondoe majeshi yake kilomita 10 kutoka mpakani.

Kilomita 10 kwa 10, mtu atasema haki imetendeka. Haikutendeka. Askari wa Uganda akirudi nyuma kilomita 10, bado yuko kwenye barabara ileile inayompeleka Masaka, hana mto mgongoni. Wa kwetu akirudi kilomita 10, amebakiwa na kipande chembamba halafu mto, na nyuma ya mto barabara ya vumbi. Hakuna kamanda mwenye akili anayeweka kikosi kikubwa mahali ambapo njia ya kurudi ni daraja moja. Kwa hiyo hakukuwekwa. Kwa maoni yangu kifungu kile kimechangia uvamizi kuliko tabia za Amin, ambazo ndizo zinazoandikwa kila siku.

Basi tarehe 30 Oktoba 1978 waliingia kama askari 3,000 wa Uganda, na karibu hawakukuta wa kuwazuia. Yaliyofuata wengi wenu mnayajua. Watu waliuawa, ng'ombe wakaswagwa, kiwanda cha sukari cha Kagera kikakombwa. Raia waliouawa kule wanakadiriwa kufika 1,500.

Turudi darajani. Waganda walijaribu kwanza kulipiga kwa ndege, wakakosa. Sishangai. Daraja ukilitazama kutoka juu ni kijiti. Ndege inapita juu yake kwa nukta moja, na bomu likianguka pembeni linaua samaki tu. Daraja la chuma linaangushwa na mtu anayelijua: baruti inafungwa kwenye viungo vinavyobeba uzito, na zote zinalipuka pamoja. Mtu huyo walimpata kwenye migodi ya shaba ya Kilembe. Kijeshi lilikuwa jambo la akili, na huenda ndilo pekee la akili walilolifanya vita nzima. Lakini lilikuwa pia jambo la mtu anayefunga mlango. Aliyekusudia kuendelea mbele halipui daraja lililo mbele yake.

Sasa mizigo. Mkitoka hapa ukumbini mpite stesheni. Kitu chochote kinachotoka bandari ya Dar es Salaam kwa reli kwenda Ziwa Viktoria kinapita hapa Dodoma, kinakwenda Tabora, kinageuka kaskazini mpaka Mwanza: zaidi ya kilomita 1,200. Mwanza kinashushwa, kinapakiwa kwenye meli, kinavuka hadi Bukoba, kinashushwa tena, kinapakiwa kwenye lori, halafu kama kilomita 50 mpaka Kyaka. Hesabuni mara ngapi kila gunia linaingia begani. Na kumbukeni Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Shirika letu la reli lilikuwa na umri wa mwaka mmoja, mpaka na Kenya umefungwa, na shirika la zamani makao yake makuu yalikuwa Nairobi. Ni reli ya namna hiyo iliyoombwa kubeba vita.

Waziri Mkuu Edward Sokoine aliwaagiza wakuu wa mikoa wakusanye kila kinachoweza kusaidia. Malori ya mashirika na ya watu binafsi yakachukuliwa. Mgambo wakaitwa, kama 40,000, wakaongezwa polisi na magereza, na jeshi likavimba hadi zaidi ya watu 150,000. Kwenye gwaride inapendeza. Kwa mtu wa ugavi ni balaa, na nitawaonyesha kwa nini.

Tuwachukue hao mgambo peke yao. Mpe kila mmoja nusu kilo ya unga na robo kilo ya maharage kwa siku, bila nyama, bila chumvi. Ni tani 30 kila siku. Malori ya tani 7, matano, kila siku ya Mungu, na lori likienda leo halirudi leo. Hapo hujabeba kuni, hujabeba maji, hujabeba risasi hata moja. Na dizeli ya lori lenyewe nayo inakuja kwa lori. Mvua je? Ninyi wa Dodoma mnazoea mvua inayoanza Desemba na kumaliza biashara yake kwa msimu mmoja. Kagera wana misimu miwili, na Novemba ni katikati ya vuli. Lori la nne kwenye msururu linapita juu ya matope yaliyokorogwa na matatu ya mbele yake. La kumi halipiti.

Halafu silaha. Waganda waliyaita maroketi yetu Saba Saba. Ni BM-21: lori lenye mabomba 40 mgongoni, roketi ya milimita 122, inafika kama kilomita 20. Yalipopigwa kuvuka mto mwezi ule wa Novemba, askari wa Amin hawakuwa wamewahi kusikia kitu kama kile, wakaanza kukimbia. Hapa ndipo wasimulizi husimama kupiga makofi. Mimi nauliza uzito. Roketi moja ina kama kilo 66. Arobaini ni kilo 2,640. Zote zinaondoka ndani ya sekunde 20. Lori la tani 7 lililosafirishwa kutoka bandarini kwa reli, meli na barabara, kwa siku nyingi, linatosha mapigo mawili na kitu: haifiki dakika moja ya kupiga. Ndiyo maana jeshi lilipiga, likanyamaza, likapiga tena kesho. Wapo waliodhani ni mbinu ya kumtia adui wasiwasi. Sehemu kubwa ilikuwa kusubiri mzigo.

Mtoni likawekwa daraja la kuelea. Kanuni yake mtoto wa kidato cha pili anaijua: kila tani moja ya mzigo lazima isukume mita moja ya ujazo ya maji. Kifaru cha Kichina aina ya 59 kina tani 36, kwa hiyo maboya yaliyo chini yake kwa wakati ule yasukume maji mita za ujazo 36 juu ya uzito wa daraja lenyewe. Kinapita kimoja, cha pili kinasubiri ng'ambo, dereva hafungi breki ghafla katikati wala habadilishi gia. Lakini madaraja ya namna hii mara nyingi hayaharibikii majini. Yanaharibikia ukingoni. Mto ukijaa, maboya yanapanda, njia ya kupandia inabaki chini. Maji yakipungua, njia inaning'inia. Na ukingo ni udongo laini ambao kila gari linauchimba. Wahandisi hushinda pale wakimwaga mawe na magogo, na hakuna anayewaimbia.

Walipovuka, eneo lilikuwa karibu tupu. Mwanzoni mwa Januari 1979 ardhi yetu ilikuwa imekombolewa yote. Mutukula ikaangukia mikononi mwetu mwezi huohuo, ikasawazishwa kwa matingatinga kulipiza Kagera. Masaka tarehe 24 Februari, Mbarara kesho yake.

Hadi hapo namna ya kupigana ilikuwa ileile. Askari wa Amin walipenda barabara na magari. Wa kwetu walitembea porini, usiku mara nyingi, wakatokea ubavuni. Watu husema ni ushujaa, na ushujaa ulikuwepo, lakini pia magari hayakutosha. Mtembea kwa miguu hahitaji dizeli.

Mbinu hiyo ilikwama Lukaya. Barabara ya Masaka kwenda Kampala pale inapita juu ya tuta katikati ya kinamasi. Maji kulia, maji kushoto. Huwezi kuzunguka karibu, huwezi kujificha. Tarehe 10 Machi walitokea Walibya waliotumwa na Gaddafi, kama 1,000, na vifaru vya T-55. Brigedi ya 201, wengi wao mgambo, ilipigwa maroketi ikavunjika, watu wakarudi mbio njia waliyojia. Amri ikatoka brigedi ya 208 ya Mwita Marwa, iliyokuwa mbali upande wa kaskazini magharibi, izunguke ikate barabara nyuma ya adui. Wakatembea usiku kucha. Alfajiri ya tarehe 11 Walibya walijikuta mbele wana 201 iliyojipanga upya, nyuma wana 208, na pembeni kinamasi kilekile kilichokuwa kimewasaidia jana. Walikufa Walibya kama 200, na Waganda idadi inayokaribiana na hiyo. Baada ya Lukaya, Entebbe ilichukuliwa tarehe 7 Aprili na Kampala tarehe 11. Mpaka wa Sudan ulifikiwa tarehe 3 Juni.

Kuna aliyeuliza kwa karatasi: gharama ilikuwa kiasi gani? Makadirio ni dola milioni 500 za Marekani, na OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, haikutuchangia. Kwenye mkutano wake wa Monrovia mwezi Julai 1979 wapo marais waliotulaumu kwa kuvuka mpaka. Mwalimu aliomba wananchi wafunge mikanda miezi 18. Waliokuwa watu wazima wakati ule watawaambia ilikuwa miezi mingapi. Malori yaliyochukuliwa hayakurudi yote, na yaliyorudi mengi yalihitaji injini. Mazao yaliyokosa usafiri msimu ule nayo ni gharama, ila haimo kwenye hizo milioni 500.

Na swali la pili, la askari wetu waliokufa. Idadi inayotajwa ni 373. Waliouawa katika mapambano ni 96. Hao wengine 277 hawakufa kwa kupigana, na ajali za magari ni miongoni mwa sababu: lori zima, dereva aliyekesha, taa zimezimwa ili ndege zisione, barabara ya tope. Walioletwa nyumbani wengi wamelala Kaboya, wilaya ya Muleba, na makaburi ya hao wote wawili, wa risasi na wa lori, yamejengwa kwa namna moja.