Muda wa Mtunzi, Mwili wa Mwimbaji: Patrice Chéreau kati ya Tamthilia na Opera

Ndugu zangu, asanteni kwa kunikaribisha. Mmeniomba nizungumzie kazi ya mwongozaji wa jukwaa, nami nimeona nimchukue mtu mmoja tu, Mfaransa Patrice Chéreau, aliyezaliwa mwaka 1944 na kufariki Oktoba 2013. Maisha yake yote alikuwa akitoka kwenye tamthilia kwenda kwenye opera na kurudi. Kwa kumfuata yeye tutaona ni kipi mwongozaji anabaki nacho anapovuka, na ni kipi ananyang'anywa.

Cha kwanza kunyang'anywa ni muda.

Mwandishi wa tamthilia anakupa maneno, hakupi kasi. Mwigizaji akitaka kunyamaza kabla ya kujibu, atanyamaza mpaka ninyi wawili muone inatosha. Chukueni tamthilia ya Bernard-Marie Koltès, Dans la solitude des champs de coton. Watu wawili wanakutana usiku, muuzaji na mteja, na bidhaa yenyewe haitajwi hata mara moja. Chéreau aliiongoza kwanza mwaka 1987, Isaach De Bankolé wa Côte d'Ivoire akiwa muuzaji. Baadaye akaingia mwenyewe katika nafasi hiyo, na mwaka 1995 akaianza upya na mwigizaji Pascal Greggory akiwa mteja. Maneno ni yale yale. Lakini umbali kati ya wale wawili, ukimya wao, nani amsogelee mwenzake na lini, vyote hivyo aliweza kuvipanga upya kila mara.

Kwenye opera huna ruhusa hiyo. Mtunzi ameshaandika kila pumziko na urefu wake, na anayelilinda ni mwongoza okestra, si wewe. Mnafanya mazoezi kwa piano wiki kadhaa, mnaelewana vizuri, kisha okestra inaingia, na kuanzia siku hiyo mazoezi ni ya muziki. Mwimbaji naye ana mahitaji yake. Lazima amwone mwongoza okestra, hata kama ni kwenye skrini iliyofichwa pembeni mwa jukwaa. Ukimlaza chini, ujue kwanza pumzi yake itatoka vipi.

Mwaka 1976 tamasha la Bayreuth, Ujerumani, lilitimiza miaka 100 tangu Richard Wagner alifungue kwa opera zake nne za Der Ring des Nibelungen. Muziki alipewa mwongoza okestra Pierre Boulez, jukwaa akapewa Chéreau. Alikuwa na miaka 31, na opera alizokwisha kuongoza zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Pale ambapo watu walitarajia mto Rhein wa hadithi, Richard Peduzzi, mbunifu wake wa mandhari, aliweka bwawa la kuzalisha umeme. Miungu ikavaa maleba ya karne ya 19, karne ya viwanda, karne ya Wagner mwenyewe. Ukumbi ulizomea, filimbi zikapulizwa. Ilipofika 1980, onyesho la mwisho lilipoisha, watu walipiga makofi kwa zaidi ya saa moja.

Wengi wakisimulia habari hii hulisimulia bwawa. Kwa maoni yangu bwawa ndilo jepesi; wazo la namna hiyo unaweza kulichora kwenye karatasi. Zito ni alichofanya na miili ya waimbaji ndani ya dakika ambazo Wagner alikuwa ameshazipima.

Tazameni tendo la pili la Die Walküre. Wotan, mkuu wa miungu, amelazimika kumwachia mwanawe Siegmund auawe. Anauvunja upanga wa mwanawe kwa mkuki wake, na Hunding, adui yake, anamchoma kijana. Katika maandishi ya Wagner baba hamgusi mwanawe. Chéreau alimfanya Donald McIntyre, aliyemwimba Wotan, ampokee Peter Hofmann, aliyekuwa Siegmund, mikononi na kumkumbatia akikata roho. Hakuongeza noti wala kumwomba Boulez asubiri. Okestra ilikuwa imeshayabeba majonzi hayo, ila jukwaani hapakuwa na mtu wa kuyabeba. Naamini hapo ndipo alipofanya kazi aliyojifunza kwenye tamthilia: kutafuta ni tendo gani la mwanadamu linalostahili muda uliotolewa.

Miaka 37 baadaye, Julai 2013, mjini Aix-en-Provence, aliongoza Elektra ya Richard Strauss, Esa-Pekka Salonen akiongoza okestra. Opera hiyo huanza kwa kishindo, jina la Agamemnon, baba yake Elektra aliyeuawa, likipigwa na okestra nzima. Chéreau alikuwa na sehemu moja tu ambayo Strauss hakuiandika, yaani kabla ya noti ya kwanza. Akaitumia. Wajakazi wanafagia ua kimya, dakika zinapita, unausikia ufagio. Kishindo kinapokuja kinaikuta nyumba ambayo tayari inaishi.

Wajakazi hao ni watano, na yule wa tano, anayemtetea Elektra, ameandikwa kuwa msichana mdogo. Chéreau alimpa nafasi hiyo Roberta Alexander, Mmarekani mweusi aliyekuwa ameshavuka miaka 60. Maneno hayakuguswa, lakini sasa anayemtetea ni mtu anayeonekana kuijua nyumba hiyo tangu baba mwenye nyumba yu hai. Kati ya watumishi wazee alikuwemo Donald McIntyre yule yule, na Franz Mazura mwenye miaka 89, aliyeimba nafasi ya Dr. Schön katika Lulu, opera ya Alban Berg ambayo Chéreau na Boulez waliiongoza Paris mwaka 1979. Mimi huwaheshimu sana waongozaji wanaozeeka pamoja na waimbaji wao.

Miezi mitatu baadaye Chéreau alifariki. Onyesho hilo la Elektra lilifika kwenye majumba ya opera ya La Scala, Milano, mwaka 2014 na Metropolitan, New York, mwaka 2016 bila yeye. Muziki wa Strauss umeandikwa, unafufuliwa kwa kufungua daftari. Uongozaji hauna noti. New York kazi ya kulirudisha jukwaani aliifanya Vincent Huguet, aliyekuwa msaidizi wake. Ring ya Bayreuth ilirekodiwa yote kwa video mwaka 1979 na 1980, na mwongozaji wa televisheni Brian Large. Wanafunzi wa uongozaji mliomo humu, itafuteni, muanze na tendo hilo la pili, kisha tukutane tulijadili.